Dubu Wetu Alikuwa Mjomba, Filamu Imemfanya Adui

Mpendwa Dada Celina,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua, ukishafika mwisho cheka utakavyo, maana hata mke wangu Matilda amecheka mpaka akashika ukuta, lakini mimi mwenzio jambo hili limenikaa kooni na kila nikimweleza mtu naona anatafuta pa kugeuzia uso.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa Rombo, nauza masufuria kwa jumla na rejareja hapa Kariakoo, na fremu ya duka nimeigawana na rafiki yangu Amit, yeye upande wa kushoto anauza ndoo na mabeseni, mimi upande wa kulia nina masufuria, katikati tumeweka ubao tu, mteja akija kwangu anatafuta beseni namsukumia kwake, akienda kwake anatafuta sufuria ananisukumia kwangu. Kila asubuhi kabla wateja hawajaanza kumiminika tunakaa mlangoni, yeye analeta chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi anayoipika mkewe Shobhana, mimi naleta vitumbua, tunakunywa huku tunawasengenya wapita njia. Tunafahamiana tangu tukiwa watoto, kwa hiyo ninaposema rafiki, Dada, usidhani ni rafiki wa biashara.

Sasa tumekosana, na tumekosana kwa sababu ya dubu.

Naomba nieleze vizuri. Nilipokuwa mdogo mjomba wangu Beno alinitoa Rombo akanileta kwake Ilala nisome, yeye alikuwa mbeba magunia sokoni, mtu mwenye mwili na sauti nene, mkali kama pilipili, na mimi nilikuwa mtoro, nikitoka asubuhi na sare yangu nakatisha moja kwa moja mpaka Kariakoo kwenye banda la video la Bakili. Lilikuwa banda la mabati uani kwa watu, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza, na Bakili amesimama pembeni na maiki anatutafsiria picha. Picha zote zilikuwa za kigeni na sisi lugha hatukuijua, kwa hiyo Bakili ndiye aliyetuambia huyu ni stelingi, yule ni adui, huyu anamwambia nini yule, na majina alikuwa anawapa yeye mwenyewe.

Kulikuwa na katuni moja ya nungunungu mdogo anayeendesha treni milimani. Bakili alimwita Sindano. Nyuma yake kila wakati kulikuwa na dubu mkubwa mwenye manyoya mpaka kwenye macho, anaikimbiza ile treni, na Bakili akamwita Mjomba Gunia, akawa anapaza sauti kwenye maiki, "Sindano, rudi shule! Sindano, mjomba wako nimechoka!" na banda zima linaangua kicheko. Mwishoni treni inafika kwenye daraja bovu, dubu yuko chini ya daraja ameshika vyuma kwa mikono miwili, treni inapita, halafu daraja linamwangukia dubu, anazama nalo mtoni. Hapo Bakili alikuwa anashusha sauti anasema taratibu, "Mjomba ameshikilia daraja ili mtoto apite." Dada Celina, tulikuwa tunalia, watoto watukutu wa Kariakoo tuliozoea kupigana ngumi kwa ajili ya kipande cha muwa, tulikuwa tunalia na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Siku moja Mjomba Beno alinifuata mle bandani, akaingia ameinama maana mlango ulikuwa mfupi, bado ana vumbi la magunia kichwani, na watoto walipomwona tu wakapiga kelele kwa pamoja, "Mjomba Gunia!" Akanitoa kwa sikio. Lakini nilipokuwa naburuzwa kurudi Ilala nilimwangalia nikaona huyu mtu ameacha kazi yake na malipo yake ya siku kunifuata mimi, na sikukasirika. Nilitoroka tena baada ya hapo, sitakuficha, lakini si sana, na shule nilimaliza. Mjomba tulimzika Rombo mwaka juzi.

Sasa mwaka huu imetoka filamu kubwa ya katuni ileile, safari hii watu ni watu kweli na wanyama wametengenezwa kwa kompyuta mpaka unaona manyoya yanapepea. Nilipoona tangazo lake kwenye simu nilipiga yowe mteja akaangusha mfuniko. Nikanunua tiketi za familia yangu na familia ya Amit, nikanunua bisi, nikakaa katikati ya binti yangu Nice, ambaye nimemsimulia habari za Mjomba Gunia tangu hajaota meno ya mbele, na Amit upande wa pili. Picha ikaanza, na Kiingereza siku hizi ninacho cha kutosha kununulia mzigo, nikasikiliza, nikasikiliza, mpaka nikaelewa kwamba dubu ni adui. Si mjomba wa mtu yeyote. Anamkimbiza nungunungu ili amwibie treni, na pale darajani hashikilii kitu, anafungua nati ili daraja lianguke na mtoto afe, na alipoangukia mtoni watu ukumbini wakapiga makofi. Walipiga makofi, Dada. Nikajikuta nimesimama nasema kwa sauti, "Wamemharibu mjomba! Hawa watu hawakuiangalia ile ya zamani!" Mlinzi akaja na tochi akaniomba nikae.

Tulipotoka nje Amit alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho. Akaniambia, "Melki, hakuna aliyeharibu kitu, filamu iko vilevile kama kanda. Dubu alikuwa adui tangu mwanzo. We ulidanganywa na mtu mwenye maiki, miaka yote hii hujajua tu?" Na Amit anajua anachokisema, kwa sababu baba yake, mzee Ghanshyam, ndiye aliyekuwa na duka la kukodisha kanda chini ya nyumba yao, na Bakili alikuwa anakodi kwake, kwa hiyo kanda ni ileile moja, Amit akiiangalia juu kwao, sisi tukiiangalia bandani. Nikamjibu kwamba yeye ndiye hajui lolote, aliangalia picha bila mtu wa kumweleza. Tukabishana pale nje na watoto wanatuangalia mpaka Matilda akasema, "Baba Nice, mtu mzima unagombea dubu? Twendeni nyumbani."

Kesho yake chai tulikunywa lakini ilikuwa chai ya kunuka ubishi. Nikaona dawa ni kumtafuta Bakili mwenyewe. Nikampata Ilala, siku hizi ni fundi wa feni, mzee sasa, amezungukwa na mapanga ya feni kama mtu aliyekaa katikati ya petali za ua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza kuhusu dubu. Dada, mzee alinishangaa! Akasema, "Kwani si mjomba yule? Sasa kama si mjomba, anamfuata mtoto wa watu milimani kote kule kwa lipi? Mtu baki anaweza kukimbia vile nyuma ya mtoto asiye wake?" Nikamwomba arudie, nikamrekodi kwa simu.

Nikarudi Kariakoo nimejaa furaha, nikaingia upande wa Amit wakati duka limejaa wateja, nikaweka simu juu ya meza yake, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikasema jamani sikilizeni, huyu bwana anajifanya anajua picha. Wateja walicheka sana. Amit hakucheka. Alisubiri mpaka sauti ya Bakili ikaisha, kisha akasema polepole, "Hiyo sauti naijua, Melki. Nilikuwa naisikia kutoka kibarazani kwetu kila siku. Baba alikuwa ananiambia kanda ni yetu, utalipaje kiingilio kuangalia kanda yako mwenyewe?" Akageuka akaendelea kumhudumia mteja wa ndoo.

Tangu siku hiyo chupa ya chai haiji. Anafungua duka, ananisalimia kwa adabu kama ananidai, anakaa ndani. Mteja wa sufuria akienda kwake anamwambia ulizia huko mbele. Na kibaya zaidi, mkataba wetu wa fremu unaisha mwisho wa mwezi, na nimesikia kwa dalali, si kwa Amit, kwamba anatafuta fremu mtaa mwingine.

Dada Celina, nani kati yetu ana haki? Na nifanye nini Amit asiondoke, lakini bila mimi kumkana dubu? Kwa sababu nikisema kwa mdomo wangu kwamba yule alikuwa adui, naona kama namsukuma Mjomba Beno mtoni.

Ni mimi,
Melkiori, Kariakoo

*

Kaka Melkiori,

Nimecheka. Si uliniruhusu? Nilicheka mpaka wenzangu wa chumba cha habari wakaja kuuliza kuna nini, nikawasomea barua yako, na badala ya kukuhukumu wakaanza kugombana wao kwa wao. Mimi nimekulia Keko, na kwetu mtafsiri alikuwa Nassibu, mtu aliyekuwa anaongea kwa pua. Nungunungu wetu alikuwa msichana, akiitwa Pili, na dubu alikuwa mposaji aliyekataliwa. Mhariri wetu Gaudens yeye ni wa Temeke, na huko kwao dubu alikuwa mtoza ushuru. Treni ile haikuwa na leseni, Melkiori! Gaudens ameniapia kwa jina la mama yake, na kazi ya siku hiyo ilichelewa.

Kwa hiyo nianze na lililo gumu kumeza. Amit ana haki. Waliotengeneza filamu waliifuata kanda kama ilivyokuwa, hawakumharibu mtu. Mjomba Gunia hawakumwona, wangemfuataje? Uliyekuwa ukimtafuta mle ukumbini alikuwa ametengenezwa na Bakili, kwa maiki, kwenye banda la mabati, na hakuna kampuni ya filamu duniani iliyokuwa na anwani ya banda lile. Ukitaka filamu iwe aminifu kwa utoto wako, kaka, itabidi uitengeneze wewe, na masufuria yatauzwa na nani?

Lakini usimkasirikie Bakili. Mwongo ni yule anayeujua ukweli akauficha, na huyu mzee umemwuliza uzeeni bado anashangaa. Aliona kiumbe kikubwa kinamfuata kidogo bila kuchoka, akatafuta ndani ya maisha anayoyajua ni nani huwa anafanya hivyo, akapata jibu. Mimi nimeshawasikia maprofesa wakieleza picha kwa ubaya kuliko hivyo.

Sasa nikugombeze, maana umelitafuta. Ubishi wa nje ya ukumbi ulikuwa wa kawaida, marafiki hubishana. Lakini kuchukua simu, kuingia kwenye duka la mwenzako, kusubiri limejaa, na kumfanya kichekesho mbele ya wateja wake! Hapo Kariakoo mtu anaishi kwa uso wake. Leo wakimcheka kwa habari ya dubu, kesho watamwomba apunguze bei huku wanacheka. Ulikuwa na haja gani? Ulishakuwa na jibu la Bakili mfukoni, lingekutosha. Wewe ulitaka kushinda na watu waone, na watu wameona, na chai umeikosa.

Halafu soma tena maneno aliyokujibu Amit. Umeyaandika mwenyewe kwa mkono wako, kisha ukayaruka kama mtu anaruka dimbwi. Mtoto yule alikuwa na kanda, televisheni, kochi na feni. Na kila siku, chini ya kibaraza chao, anasikia watoto wa rika lake wanapiga kelele "Mjomba Gunia!" na yeye anarudi ndani kuitazama ile kanda tena, na tena, anamtafuta huyo Mjomba Gunia, na hamwoni. Unadhani kwa nini aliiangalia katuni ya nungunungu mpaka ameishika yote kichwani? Baba yake hakuwa mtu mbaya, ni mfanyabiashara, na hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Ila mtoto hakutaka kanda. Alitaka kukaa benchi moja na nyie.

Basi amekunywa chai na wewe miaka yote hiyo, na wewe bila shaka umemsimulia banda lile mara zisizohesabika, maana hata mimi nisiyekujua umenisimulia mpaka nimesikia harufu ya mabati. Siku ile nje ya ukumbi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kulikuwa na jambo moja la banda lile ambalo yeye alilijua kuliko wewe. Akacheka. Alicheka kupita kiasi, nakubali, na akamsema Bakili kwa maneno yasiyo mazuri. Wewe ukaenda ukaileta sauti ileile iliyokuwa inamwita utotoni, ukaifungulia mpaka mwisho dukani kwake, na umati ukacheka bila yeye tena. Mimi ningehama mtaa siku hiyohiyo.

Kuhusu Mjomba Beno, pole sana. Hapo sikucheka, na nilisoma mara mbili. Lakini nikuulize: aliyeinama kupita mlango mfupi akiwa na vumbi kichwani alikuwa ni dubu? Yule ni mtu wa damu, alikufuata kwa miguu yake, akakutoa kwa sikio lako, na shule umemaliza. Hakuwamo kwenye kanda, kwa hiyo hakuna filamu inayoweza kumtoa, na hakuna anayeweza kumwangusha mtoni kwa sababu hakuwahi kuwa kwenye daraja lile. Unaweza kusema dubu alikuwa adui na kaburi la Rombo lisitikisike hata jani. Na ukimsimulia Nice, msimulie Beno kama Beno. Ni hadithi nzuri kuliko ya treni, na hiyo hakuna atakayekuja kuibadilisha.

Sasa sikiliza cha kufanya. Kesho asubuhi usingoje chupa ya Shobhana. Wewe ndiye uje na chai, na vitumbua viwe vya moto. Usimtumie ujumbe wa simu, wala usimtume Matilda akaongee na Shobhana, huko ni kujificha nyuma ya kanga. Nenda upande wake wa ubao kabla wateja hawajafika, umwambie, "Amit, nilikukosea kukuaibisha mbele ya watu. Na kwenye kanda dubu alikuwa adui." Sema yote mawili, kisha nyamaza. Usiongeze "lakini". Mimi pia ni Mchaga, najua tunavyoipenda "lakini", ila siku hiyo iache nyumbani.

Halafu muulize habari ya fremu, waziwazi. Maneno ya dalali hayajengi nyumba. Mwambie hutaki aondoke. Usimwambie kwamba biashara itayumba, wala kwamba wateja wamewazoea, hizo ni sababu za kumwambia mwenye nyumba. Mwambie utamkosa. Najua wanaume wa umri wako neno hilo linawakwaruza koo, kunywa chai literemke.

Akikubali kukaa, na nadhani atakubali, maana mtu aliyedhamiria kuhama hakusalimii kwa adabu, basi panda Ilala kwa mzee Bakili. Mbebee feni yako moja mbovu ili usiende mikono mitupu, umwombe aje kutafsiri mara moja tu, Jumapili mchana. Kanda ya zamani Amit anayo, nakuhakikishia, mtu hatupi kitu alichokitazama namna ile, na fundi wa kufufua mashine ya kuichezea hatakosekana Kariakoo. Ombeni ua kwa watu, tafuteni mabati ya kuzibia jua, na muweke mabenchi, nasema mabenchi, usiniletee viti vya harusini. Waiteni wale watukutu wenzako wote, na vitambi vyao.

Amit akifika mlangoni, mtoze kiingilio. Atasema kanda ni yake. Mtoze hivyohivyo, mbele ya watu, kama mnavyowatoza wengine, kisha akae benchi la mbele katikati, abanwe mabega pande zote mbili. Mzee Bakili akishika maiki, wewe funga mdomo wako, usimdokeze mwenzako kinachokuja. Treni itapanda, itashuka, itafika darajani. Hapo ngoja mpaka Amit mwenyewe aulize dubu yule ni nani, na banda zima limjibu.

Dada Celina